Njia ya mlimani imechimbika: tuikarabati palepale au tuihamishe?

Kila kamati inayosimamia njia ya kupandia mlima huufikia mjadala huu, na mara nyingi huwa Januari au Februari, masika yakiwa mlangoni. Njia imechimbika hadi magotini, mizizi inaning'inia hewani, watu wameanza kupita pembeni na sasa kuna vijia vitatu palipokuwa na kimoja. Mmoja anataka ngazi. Mwingine anataka magogo ya kukinga maji. Wa tatu anasema pale hapaponi, njia ihamishwe. Fedha zinatosha kazi moja tu.

Ulinganisho huu nimewaandikia wanaopaswa kuamua: askari wa hifadhi, vikundi vya vijiji vinavyopakana na misitu, waongoza watalii, na wapagazi, ambao hutembea njia hizi kuliko mtu yeyote na bado huulizwa maoni mwisho. Mifano nimeichukua Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya na Rwenzori, kwa sababu milima hiyo minne ina karibu kila aina ya tatizo na karibu kila aina ya dawa.

Kwanza maji, kisha miguu

Watu hulaumu buti za wapandaji. Ni kweli zinaharibu: hushindilia udongo, huua majani ya kando, na kisigino cha anayeshuka hung'oa udongo kuliko unyayo wa anayepanda. Lakini anayeubeba udongo na kuondoka nao ni maji. Udongo wa Kilimanjaro na Meru umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, una matundu mengi madogo, na usipoguswa hunywa mvua kubwa bila shida. Ukishashindiliwa, matundu yanaziba na mvua inatiririka juu. Njia iliyozama hata sentimita 5 tayari ni mfereji, na katika msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro, unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mfereji huo haukosi kazi.

Kwa hiyo kila pendekezo linaloletwa mezani liulizwe swali moja kabla ya bei: maji yatatokea wapi? Pendekezo lisilokuwa na jibu liwekwe kando, hata likiwa zuri kwa macho.

Kukarabati palepale au kuhamisha

Ukarabati wa palepale hupendwa kwa sababu za kueleweka. Haukati mti, hauhitaji ramani mpya, na matokeo yake yanaonekana upesi. Kuhamisha kuna mlolongo wa vibali. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna anayefungua njia mpya bila idhini ya wahifadhi, mpango wa usimamizi wa hifadhi lazima uitambue, na kwa Tanzania tathmini ya athari kwa mazingira inaweza kudaiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Yote hayo kabla hujashika jembe.

Hata hivyo zipo njia ambazo ukarabati wake hauna mwisho. Ni zile zinazoshuka moja kwa moja na mlima, zikifuata mkondo uleule ambao maji yangeufuata. Hapo hakuna upande wa bonde wa kuyatoa maji, maana njia yenyewe ndiyo bonde lao. Unaweka magogo mwaka huu, mwakani yamezungukwa, mwaka wa tatu yamening'inia.

Mafundi wa njia duniani kote hutumia kanuni ya nusu. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima inakopita. Mlima ukiwa na mteremko wa asilimia 40, yaani unapanda mita 40 kwa kila mita 100 za usawa, njia isizidi 20. Ukiwa na 30, isizidi 15. Juu ya hapo wanaongeza kwamba wastani wa njia nzima ubaki karibu na asilimia 10, kwa kuwa hata palipo na mlima mkali udongo una kikomo chake. Kanuni hii inafichua jambo ambalo wengi hawalitarajii: ardhi ya kilima kidogo inaweza kuwa mbaya kuliko ubavu mkali. Mahali penye mteremko wa asilimia 12, njia ya asilimia 10 inakaribia kushuka sambamba na maji, na hayapati pa kutokea.

Kipimo si cha gharama. Chukua kamba ya mita 10, fimbo mbili za urefu sawa na pimamaji. Mmoja anasimama juu na mwingine chini, kamba inavutwa mpaka ilale sawasawa. Yule wa chini akilazimika kuishika mita 1 juu ya kichwa cha fimbo yake, mteremko ni asilimia 10. Ikiwa mita 2, ni asilimia 20. Pima njia, kisha geuka upime ubavu wa mlima mahali hapohapo. Kazi ya asubuhi moja, na baada yake mjadala wa kamati hubadilika kabisa.

Angalia njia mbili za Kilimanjaro. Ile ya Marangu, kutoka langoni hadi vibanda vya Mandara kwenye mita 2,720, hupanda takriban mita 850 kwa umbali wa kama kilomita 8. Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 10. Njia ya Mweka, kutoka kambi ya Mweka hadi langoni, hushuka takriban mita 1,400 na ushei kwa umbali wa kama kilomita 10, yaani asilimia 14 au 15, na wastani huo umeficha vipande vikali zaidi. Ongeza kwamba Mweka ni njia ya kushukia tu, nayo hupokea wale waliopanda kwa Machame, Lemosho na Umbwe. Visigino vyote hivyo vinaelekea chini, katika msitu wenye mvua nyingi. Si ajabu ikahitaji ngazi na mitaro kila kukicha wakati sehemu kubwa ya Marangu inapitika kwa matunzo ya kawaida. Tofauti yao kubwa iliwekwa siku njia zilipochorwa.

Hoja kubwa dhidi ya kuhamisha ni msitu. Kupanda mita 100 kwa mteremko wa asilimia 25 kunahitaji njia ya mita 400. Kwa asilimia 10 kunahitaji mita 1,000. Kwa nini tufyeke mita 1,000 ili kuokoa 400? Swali ni la haki, lakini lihesabiwe kwa eneo. Njia kali iliyochimbika hupanuka kwa sababu watu wanakwepa shimo. Ikifika upana wa mita 5, zile mita 400 zimeshakula mita za mraba 2,000. Njia mpya ya upana wa mita 1 inachukua 1,000, na kwa kuwa inatembeka vizuri watu hawatoki nje yake. Hesabu hii haishindi kila mahali. Pale penye mti adimu au chanzo cha maji haina nafasi. Ila ifanywe, isirukwe.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro maarifa haya hayahitaji kuletwa na mtaalamu wa mbali. Mifongo ya Wachagga, ile mifereji iliyochimbwa vizazi vingi nyuma kuleta maji mashambani, hupita ubavuni mwa makorongo kwa mteremko mdogo sana, kilomita baada ya kilomita, bila kuchimbika. Wazee waliojua kuuchora mfongo wanajua kuchora njia. Vivyo hivyo wakulima wa Machakos waliozoea matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, na wale wa Usambara wanaopima kontua, yaani mistari ya kimo sawa, kwa fremu yenye umbo la A na timazi. Ningeita watu hao kwanza kabla ya kuagiza ramani.

Kuna sharti moja ambalo likikiukwa ni heri njia isingehamishwa: ya zamani lazima ifungwe, na ifungwe kweli. Ubao wa kukataza hautoshi. Maji yaendelee kukingwa humo, mashimo yajazwe, udongo ulegezwe kwa sururu, mimea ya hapohapo ipandikizwe, na midomo yote miwili izibwe kwa magogo yaliyoanguka na matawi mpaka jicho la mgeni lisiione. Bila hivyo unabaki na majeraha mawili mlimani badala ya moja. Na kona za njia mpya zisionane. Anayeiona kona ya chini akiwa ya juu atakata kati, na wa nyuma yake atamfuata. Weka kona chache, vipande virefu kati yake, na kila kona izunguke mwamba au mti mkubwa.

Uamuzi wangu ni huu. Hamisha pale njia inapovuka kanuni ya nusu kwa urefu wa kutosha, au ilipozama kiasi kwamba kuyatoa maji kunahitaji kuchimba ukuta wa udongo kando yake. Penginepo karabati. Na ambako hakuna pa kuhamia, kama vipande vya Umbwe vinavyopanda kwenye mgongo mwembamba wa mlima, kubali gharama ya mawe.

Kutoa maji: gogo, jiwe au mbonyeo

Mkishaamua kubaki, kazi ya kwanza ni kuyatoa maji njiani. Kuna namna tatu zinazoshindana.

Kingamaji cha gogo ni gogo lililolazwa mshazari, karibu nyuzi 45 kutoka mwelekeo wa njia, limefukiwa theluthi mbili na ncha zake zimeingia kwenye udongo wa pande zote mbili. Maji yanafika, yanaligonga, yanaelekezwa bondeni. Kingamaji cha mawe hufanya kazi ileile kwa mawe yaliyopangwa yakibanana na kushikana, nayo yamezikwa zaidi ya nusu. Mbonyeo ni namna tofauti: njia yenyewe inachongwa ili ishuke, itandazwe kwa mita chache ikiinamia bondeni, kisha ipande kidogo kabla ya kuendelea. Mtu hupita bila kugundua. Maji hayawezi kupanda, kwa hiyo yanatoka.

| | Gogo | Mawe | Mbonyeo |
|---|---|---|---|
| Gharama ya kuanza | Ndogo, kama magogo yapo karibu | Kubwa, kazi ya mtaimbo na nyundo | Ya wastani, ni udongo na jasho |
| Uhai | Miaka michache msituni penye unyevu | Miongo, yakizikwa vizuri | Mrefu, ukisafishwa |
| Mteremko unaofaa | Mkali | Mkali | Hadi karibu asilimia 15 |
| Kero kwa mtembeaji | Huteleza likilowa | Kidogo | Hakuna |
| Matunzo | Mengi | Ya wastani | Machache |

Jedwali halisemi kila kitu. Gogo lina tatizo la asili yake: ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kukata mti, hivyo unategemea ulioanguka, tena kwa idhini, au unabeba mikaratusi na paina kutoka mashamba ya nje. Anayebeba ni mpagazi. Gogo la upana wa sentimita 20 lililolowa lina uzito wa kuchosha, na likifika huko juu linaanza kuoza siku hiyohiyo. Mbao zilizotiwa dawa hudumu zaidi, lakini dawa hizo hazifai karibu na vijito ambavyo vijiji vya chini vinakunywa.

Mbonyeo ndio ningeuchagua popote mteremko unaporuhusu. Sababu yangu kuu ni tabia ya watu. Kingamaji chochote kinachojitokeza juu ya ardhi kinamwalika mtembeaji akizunguke, na akikizunguka anafungua mlango wa maji upande uleule. Mbonyeo hauna cha kuzungukwa. Kasoro yake ni kwamba unahitaji fundi mwenye jicho. Ukichongwa mfupi au wa juujuu unakuwa dimbwi.

Kuhusu nafasi kati ya kimoja na kingine, kadiri mteremko unavyokuwa mkali ndivyo vikaribiane. Kwenye asilimia 10 ningeanza na mita 15 hadi 20, kisha ningepita mvua ikinyesha, maana ndipo maji yanaonyesha yenyewe yanapotaka kutoka. Mahali penye mdomo wa asili, kona ya mwamba au kibonde, pachukuliwe kwanza, vipimo vya kitabuni vifuate.

Kuna kazi ya nne isiyokuwemo kwenye jedwali kwa kuwa haijengi kitu: kuilaza njia kidogo kuelekea bondeni, asilimia 5 hivi, na kuvunja kile kiukingo cha udongo kinachojengeka ukingoni miguu inaposukuma udongo nje. Hii ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Jembe na beleshi vinatosha.

Ngazi: za magogo, za mawe, au zisiwepo

Ngazi hupendwa na wafadhili kwa sababu zinapigika picha. Kati ya vibanda vya Miriakamba na vya Saddle kwenye Mlima Meru, mahali ambapo njia hupanda zaidi ya mita 1,000, ngazi za mbao zinaendelea mpaka magoti yanalalamika. Zina kazi yake: zinashika udongo pasipo na namna ya kupunguza mteremko. Lakini ngazi si dawa ya maji. Ngazi zisizo na mtaro wa pembeni au kingamaji juu yake zinageuka maporomoko madogo. Kila maji yanaporuka kutoka kipandio kimoja hadi kingine yanachimba chini ya gogo, na baada ya misimu miwili mitatu unakuta gogo limesimama peke yake mbele ya shimo. Mtu sasa anapanda gogo na shimo pia.

Kati ya gogo na jiwe, jiwe linashinda kwa uhai, gogo kwa wepesi wa kazi. Jiwe moja zito lililozikwa vizuri hukaa. Mawe madogo mengi hayakai. Kama hakuna mawe makubwa karibu, usijidanganye kwa kokoto.

Zaidi ya hayo, ngazi zipimwe kwa mwili wa mpagazi. Mpagazi wa Kilimanjaro anaruhusiwa mzigo wa kilo 20, mara nyingi ukiwa kichwani au shingoni, na haoni vizuri anapokanyaga. Kipandio cha sentimita 15 hadi 20 anakimudu. Cha sentimita 35 kinamvunja magoti, kwa hiyo anapita kando, na hana kosa. Ukiona kijia kipya pembeni mwa ngazi zako, kabla ya kuweka miiba pima kimo cha vipandio.

Kuna na machela. Mgonjwa wa mwinuko Kilimanjaro hushushwa kwa machela ya gurudumu moja, watu wakiwa wameishika pande zote na kukimbia nayo. Kwenye njia iliyochongwa vizuri inateremka haraka. Kwenye ngazi inabidi ibebwe, kipandio kwa kipandio, usiku, mvua ikinyesha, na mtu anayehitaji hewa ya chini. Ninasihi kila anayechora ngazi ndefu amfikirie mgonjwa huyo na vijana waliomshika. Njia ya machela ikipatikana kando, ijengwe. Isipopatikana, ngazi ziwe chache, pana, zenye mapumziko.

Kwa hiyo ngazi zije mwisho. Zitumike kwa vipande vifupi vikali ambavyo havihamishiki, mawe yakiwepo yatumike, na mtaro uchimbwe kabla ya kipandio cha kwanza kuwekwa.

Penye tope: mbao, tuta la mawe, au kupisha msimu

Hapa Rwenzori ndiyo shule. Hifadhi ya Taifa ya Milima Rwenzori, iliyoanzishwa 1991 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia 1994, ina mabonde yenye tope la kina ambako mguu huzama hadi pajani. Wageni hupanda kwa gamboti mpaka mahali pa juu sana kabla ya kubadili viatu kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109. Katika kinamasi cha Bigo, kwenye mzunguko wa kati, zimejengwa njia za mbao juu ya tope. Kabla yake mtu aliruka kutoka kishungi kimoja cha nyasi hadi kingine, na vishungi hivyo, vilivyochukua miaka mingi kukua, vilivunjika chini ya uzito.

Mbao zina sifa ambayo hakuna kingine kinayo: maji yanaendelea kupita chini kama kawaida na kinamasi kinabaki kinamasi. Tuta la mawe na changarawe, lenye mtaro kila upande, ni imara na halitelezi, lakini linakausha upande mmoja na kufurisha mwingine. Kwenye tope la juujuu, lenye ardhi ngumu chini yake, tuta ni chaguo bora na la kudumu. Kwenye tope lisilo na mwisho linazama, pamoja na fedha zenu.

Ubaya wa mbao ni safari yake. Kila ubao unafika huko mgongoni mwa mtu, siku kadhaa kutoka barabarani. Ukilowa na kuota ukungu unateleza hatari, kwa hiyo upigiliwe waya wa kuku au vipande vya mbao vya kukanyagia tangu siku ya kwanza, pasisubiriwe mtu avunjike mguu. Na njia ya mbao iliyovunjika nusu ni mbaya kuliko kutokuwepo, maana misumari imebaki na watu wanaamini bado iko salama. Asiyekuwa na fedha za kubadilisha mbao kila baada ya miaka michache asianze.

Upande wa Mlima Kenya, njia ya Naro Moru ina mpando maarufu wa tope juu ya kituo cha hali ya hewa (Met), kilicho mita 3,050. Pale tope liko kwenye mteremko, jambo ambalo mtu wa bondeni anaweza kushangaa. Kila mtu anakwepa la mwenzake na njia inapanuka kama mto uliofurika. Tuta halishikiki vizuri kwenye mteremko wa aina hiyo, na mbao za ngazi zinachukuliwa na maji. Ninaona dawa yenye busara ni kuchanganya: mawe ya kukanyagia yaliyozikwa katika mstari mmoja ulio wazi, na wageni waelekezwe njia kavu zaidi, kama Sirimon, wakati wa mvua nyingi. Kuipumzisha njia msimu mmoja kunalalamikiwa na wanaoishi kwa utalii wa njia hiyo, na malalamiko yao ni ya kweli; kwa hiyo asiamue mtu wa mjini peke yake. Lakini kinamasi kilichokanyagwa mvuani hakirudi kwa mwaka mmoja.

Jambo dogo kuhusu changarawe. Ikitoka nje ya hifadhi inaweza kuja na mbegu. Kando ya njia za Kilimanjaro zimekwisha kuonekana nyasi za kigeni kama Poa annua, zilizofuata watu hadi juu sana ya mlima. Changarawe ichimbwe karibu, au itoke ndani chini ya ardhi ambako hakuna mbegu, na vifaa vioshwe kabla ya kupanda.

Nani afanye

Mkandarasi hujenga upesi na kuondoka. Siku ya kujitolea huleta watu wengi, moyo mwingi, na mara nyingi kazi ya kufagia majani tu. Kikosi kidogo cha kudumu, hata cha watu wanne wenye mapanga, majembe, sururu na mtaimbo, kinachopita njia nzima kabla ya masika na kabla ya vuli kuzibua midomo ya makingamaji, hukupa zaidi kwa kila shilingi. Nina hakika na hili kuliko jambo lolote nililoandika hapa. Kingamaji kizuri kikizibwa na majani makavu kwa mvua moja kubwa kinakuwa bure, na hakuna mkandarasi atakayerudi kukizibua. Wanakikosi watoke vijiji vya chini ya mlima na walipwe kwa wakati. Anayekunywa maji ya kijito kinachotoka pale ana sababu ya kuyafuatilia.

Mkandarasi aitwe kwa kuta za mawe na madaraja. Wanaojitolea wapewe kazi ya kufunga njia za zamani, kubeba mimea na matawi: inahitaji mikono mingi na makosa yake yanarekebishika.

Fedha zikiwa kidogo sana, mpangilio wangu ni kikosi kwanza, kulaza njia na kuvunja kingo pili, mibonyeo tatu, kisha kuhamisha kipande kimoja kibaya kuliko vyote. Ngazi na mbao zisubiri mfadhili.

Na pimeni. Chagueni vituo kadhaa vyenye alama ya kudumu pande zote mbili, mwamba au nondo iliyopigiliwa, vuteni kamba katikati ikiwa imekazwa, mpime kutoka kamba hadi ardhi kila sentimita 20. Andikeni kwenye daftari lenye tarehe, mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya masika. Namba zikikaa palepale, kazi iliyofanywa inatosha. Zikiongezeka misimu miwili mfululizo mahali palipokarabatiwa, acheni kupeleka magogo mapya hapo na anzeni kuandika barua ya kuomba kuhamisha, daftari likiwa kiambatisho.